Pua ya Mpishi wa Gundi

Mdomo wa Marceline haukuwa na komeo, na mtaa wote ulilijua hilo. Ukitaka habari ifike Kambove kabla jua halijatua, unamnong'oneza Marceline asubuhi, unamwapisha kwamba ni siri, kisha unakwenda zako. Hakuna aliyemchukia kwa ajili hiyo. Uani kwake kulikuwa na kiti cha kila mtu na sufuria isiyokauka, na anayekulisha unamsamehe mengi.

Jumapili hiyo, baada ya misa, alisimama kwenye ukuta wa jirani yake Mado, wakiichambua harusi ya Danielle iliyoahirishwa mara ya pili. Maharage aliyaacha kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Mumewe Déogratias alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni hapo, ameipa mgongo sufuria, anafunga waya za redio.

Maongezi yalipomfikia mama wa bwana harusi, Mado aliinua pua ghafla.

"Mama Glody! Maharagi yako inaungua, weye!"

Marceline alikimbia na kiatu kimoja. Moshi ulikuwa mwembamba, lakini harufu ilikuwa imeshavuka ukuta na kupita kwa Mado. Déogratias bado alikuwa anaisokota waya yake.

"Papa Glody, uko karibu hivi na hausikie harufu?"

"Nilikuwa mu mawazo," alisema, bila kugeuka.

Sasa, Marceline alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na mmoja. Huyu ndiye aliyekuwa akiingia mlangoni na kusema, "Leo kwa Mado ni makayabu," kabla samaki huyo wa chumvi hajatiwa hata chunguni. Tena pua ndiyo iliyomlisha. Kwenye karakana ya mifuko ya karatasi, ile mikubwa ya kujazia chokaa ya viwandani, yeye ndiye mpishi wa gundi: wanga wa mihogo, maji, soda kidogo, pipa juu ya moto, na mwiko mrefu kama kasia. Alianza kuikoroga gundi hiyo mwanawe Glody akiwa bado tumboni. Hakuwa na kipimo kingine. Jicho, mwiko na pua, basi.

Akakumbuka mengine. Tangu ile homa ya majira ya baridi, Déogratias hasemi neno juu ya chakula, anaongeza chumvi tu. Na tangu homa hiyo hiyo, mizigo mitatu ya mifuko ilikuwa imefumuka vitako njiani, chokaa ikamwagika barabarani. Mkurugenzi, Bwana Tshimanga, alikuwa ameleta kutoka Lubumbashi pipa la gundi nyeupe ya dukani, isiyotaka moto wala mpishi. Ijumaa gundi hizo mbili zingejaribiwa, mifuko kumi kwa kumi. Itakayoshindwa inatoka. Na pipa la moto likitoka, mpishi wake anabaki kukoroga nini?

"Funga macho," Marceline alimwambia.

"Sasa ni muchezo gani?"

"Funga tu, muzee."

Akamshikia puani samaki mkavu wa Kapolowe, yule ambaye paka wa mtaa wa pili humsikia. "Hii ni nini?"

Déogratias alivuta pumzi. Akavuta tena. "Sabuni," alisema.

Marceline alitaka kucheka, kisha akaona mumewe hatanii.

"Tangu ile homa," Déogratias alisema, macho bado amefunga. "Nilizani itarudia. Usiseme kwa muntu, Mama Glody. Mupishi wa kole bila pua ni kama katekista mwenye alisahau Baba Yetu."

"Minye? Nitasema kwa nani?"

Wote wawili waliutazama ukuta wa Mado. Hapo kicheko kikawatoka, hata kama hawakukitaka.

Jumatatu Déogratias alirudi kutoka kazini na konzi ya wanga ndani ya leso, kama mkewe alivyomwagiza. Marceline aliifungua mezani, akainama, akainuka haraka.

"Yesu wangu! Papa Glody, hii haiko wanga. Hii ni unga ya bukari!"

Ilikuwa hivyo kweli. Mama wa Kapolowe aliyeiuzia karakana wanga miaka yote alikuwa amezeeka, akamwachia mkwewe kazi. Mkwe akatuma unga wa mihogo iliyolowekwa, ule wa kupikia bukari, yaani ugali, kwa kudhani kwamba cheupe ni cheupe. Kwa macho huwezi kuutofautisha na wanga uliokamuliwa kwenye mihogo mibichi. Lakini uliolowekwa umechacha, na uchachu huo huilegeza gundi: pipani inaonekana nzito, kwenye karatasi inaachia. Pua yoyote nzima ingeusikia tangu mlangoni, lakini ghala la wanga hufunguliwa na mpishi peke yake.

"Munapikia mifuko bukari!" Marceline alisema. "Njo maana inashiba na kufungua mukaba!"

Déogratias alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kilipokwisha, machozi yaliendelea. Marceline akavuta kiti chake karibu, akaishika ile mikono yenye magamba ya gundi, na papo hapo akaanza kuhesabu magunia ya mihogo mibichi ya kukamulia wanga mpya kabla ya Ijumaa.

Jumanne uani kulijaa. Magunia mawili ya mihogo mibichi, mabeseni manne, wanawake saba wakikuna, wakiosha, wakichuja kwa kitambaa, wakisubiri wanga utulie chini ya maji. Nyimbo, matusi ya mapenzi, sufuria ya chai. Mado alikuwa wa kwanza kuja na wa kwanza kuuliza.

"Wanga yote hii ni ya nini?"

Siri ilikuwa mdomoni mwa Marceline kama kiazi cha moto.

"Ya kupigia pasi nguo za kwaya."

"Kwaya gani iko na nguo za mabeseni ine?"

"Ya mbinguni. Kuna, Mado!"

Mado alikuna, lakini jicho lake halikumwachia. Mara tatu Marceline alifungua mdomo, na mara tatu akaujaza mkate. Jumatano wakaanika juani. Alhamisi Déogratias akapika, akabandika mifuko yake kumi, akaiacha ikauke.

Ijumaa Marceline alimpelekea chakula mapema kuliko siku zote, akabaki na bakuli lake kando ya mlango. Mifuko ilijazwa chokaa iliyotoka tanuruni na joto lake, kama wateja wanavyoijaza. Ikaangushwa kutoka kimo cha kiuno. Ishirini yote ilishika. Bwana Tshimanga akasema waiache saa nzima, maana mfuko hauishi kwa kuangushwa mara moja.

Saa ilipoisha wakaiinua tena. Gundi nyeupe ilikuwa imelainika kwa joto. Vitako sita vilifunguka taratibu kama mdomo wa mtu anayesinzia. Ya Déogratias, kumi yote, ilikuwa migumu kama ubao. Kisha wakaimwagia maji ubavuni, kama mvua ya Desemba, na hapo ikawa zamu ya Déogratias kuaibika: karatasi zake ziliachana, za gundi nyeupe zikasimama.

"Basi nimechagua," alisema Bwana Tshimanga. "Ubavu, nyeupe. Kitako, chenye chokaa ya moto inakalia, kole ya Papa Déo. Lakini nieleze, muzee. Ile mizigo mitatu ilikuwa na nini?"

Angeweza kumsukumia yule mkwe wa Kapolowe kosa lote. Marceline alimwomba Mungu kimya afanye hivyo. Déogratias alivua kofia.

"Patron, walituletea unga mubaya. Lakini minye njo nilipaswa kuusikia. Pua yangu ilikufa tangu homa, na nilificha. Bibi yangu njo alisikia."

Mkurugenzi alimtazama mpishi, kisha yule mama mlangoni mwenye bakuli.

"Kuanzia leo," alisema, "gunia la wanga ikifika, haifunguliwe mpaka mama aipitishe. Na tutamulipa, haiko bure."

Mado alinuna siku mbili nzima. "Unanificha minye! Minye mwenye nilikuna!" Siku ya tatu alikuja mwenyewe kuomba moto, na Marceline akamlipa deni la habari zote, pamoja na riba.

Lakini kuna jambo moja hakumwambia hata Mado. Kila jioni, kabla ya kula, Déogratias hukaa karibu na mbabula na kuuliza polepole, "Inanukia nini?"

Naye Marceline huacha maneno yote ya mtaa, akafunua sufuria, akafunga macho. "Kitunguu," humwambia. "Kimeanza kuwa chekundu. Nyanya bado mbichi kidogo. Na huko kwa Mado, mume wangu, leo tena ni makayabu."