Aliyebeba Neno Moja

Tupokigwe alilala mchana kweupe, viatu bado miguuni, kwa uchovu wa moyo. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea shahada ya mawasiliano, na kesho yake alitakiwa kuchagua mchepuo. Baba yake, mwalimu mstaafu kule Tukuyu, alizoea kumtania kuwa amekwenda kusomea kuongea, jambo ambalo hakuwahi kulishindwa tangu utotoni. Sasa kiharusi kilikuwa kimemfunga mzee ulimi. Asubuhi hiyo mama alimwekea simu sikioni, Tupokigwe akamwamkia shikamoo, na kilichorudi kilikuwa pumzi tu. Darasani walifundishwa kwamba kimya hewani ni mwiko, basi akakijaza. Akaeleza michepuo yote, akacheka peke yake, akaaga. Alipokata simu alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ya barabara nyingi, zote zikianzia lango moja liitwalo Shahada. Bibi mmoja wa sauti ya taratibu, jina lake Hekima, akamshika mkono. Wakapita jumba la Uandishi wa Habari, ambako Haraka alikuwa akimkanyaga Ukweli mlangoni ili atangulie yeye. Wakapita la Uhusiano wa Umma, Bwana Sifa akipaka rangi ukuta wenye ufa na kuwaapia wapita njia kuwa nyumba haijawahi kuwa imara kama leo. Katika jumba la Utangazaji, Majivuno alimpisha kiti mbele ya kipaza sauti, na Tupokigwe, Mungu amsamehe, alikikalia akajiona amefika. Akasema, akasema. Ndipo Hekima alipomwonyesha dirishani mzee akipanda ngazi, ameshika neno moja kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa pomoni. Kila alipoukaribia mlango, sauti ya Tupokigwe ilimsukuma, akateremka, akaanza upya. Alikuwa baba yake.

“Mwanangu,” Hekima akasema, “uko mchepuo mwingine, unaitwa Usikivu. Hauna cheti, ndiyo maana hauna foleni. Michepuo yote uliyoiona imezaliwa humo, ila imepasahau kwao.”

Tupokigwe akataka kunyamaza, mdomo ukakataa. Mzee akaketi ngazini, akaliweka neno lake chini, akampa mgongo.

Alizinduka jua likiwa bado juu, moyo ukimuuma kwa kuelewa. Ile pumzi ya asubuhi haikuwa kimya. Baba alikuwa akiitafuta marahaba yake, naye akamkatiza njiani. Akapiga simu, akamwomba mama amsogezee baba tena. Safari hii hatasema kitu, atangoja hata kutwa nzima.

Mama akasema:

“Hataki simu, mwanangu. Tangu ulipokata, nikimsogezea anageuza uso ukutani.”

Tupokigwe alifungua mdomo amfariji, akaufunga. Upande wa pili mama alianza kulia, naye akamwacha alie mpaka amalize.