Mdomo wa Ormindo

"Fungua zaidi, Mzee Ormindo," daktari alisema. "Hapo unanionyesha masharubu tu."

Ormindo alifungua mdomo kiasi cha kupitisha kidole, kisha akaufumba. Alikuwa amekuja kung'olewa jino moja la chini lililokuwa likicheza tangu msimu wa kuchuma kahawa, na hakuona sababu ya kuonyesha mengine.

"Ng'oa hilo tu, binti yangu. Mdomo wangu si kanisa, kila mtu aingie atazame."

"Hata kanisani watu huvua kofia, kaka," alisema Dalvina kutoka upande wa pili wa kiti, mrija wa kunyonya mate mkononi. "Fungua."

Kwa miaka ishirini na miwili Dalvina alikuwa msaidizi wa daktari wa meno katika kituo cha afya cha Córrego Fundo. Alipanga vyombo, alichemsha vyombo, alichanganya dawa ya kuziba mashimo, na zaidi ya yote alishika midomo ya watu ikae wazi. Alikuwa ameona midomo ya karibu kila mtu katika vilima vile: ya padri, ya wachumaji kahawa, ya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Wa kaka yake, aliyeishi naye nyumba moja tangu afiwe na mke, alikuwa hajauona hata mara moja.

Ormindo alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akafungua.

Daktari Thamires alivuta taa karibu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na miezi minane tu tangu amalize chuo. Aligeuza kioo kidogo upande huu, akakigeuza upande ule. Alipoinua macho juu ya barakoa yake kumtazama Dalvina, Dalvina aliisoma ile hofu waziwazi. Binti alikuwa akifikiria saratani.

Dalvina aliinama kutazama. Ufizi wa chini ulikuwa umevimba na kufanya vijinundu, kimoja kando ya kingine, kama tunda la forosadi lililoiva, na juu ya kila kijinundu kulikuwa na kitone chekundu cha damu, kidogo kama ncha ya sindano. Forosadi ile ilipanda hadi kwenye kaakaa na kupotelea nyuma kooni, mahali taa haikufika.

Alikuwa ameiona mara mbili maishani. Mara ya kwanza ni Daktari Amadeu, yule mzee aliyemfundisha kazi, aliyemshika bega na kumwambia aangalie vizuri, kwa sababu picha za vitabuni ni mbovu. Mgonjwa yule alikuwa mchoma mkaa, naye alipona. Wa pili hakurudi kituoni, na hakuna aliyejua habari zake.

Katika miaka yote ile Dalvina hakuwahi kumtangulia daktari kusema. Mrija ulikuwa ukinyonya hewa tupu.

"Samahani, daktari. Hivyo vitone vyekundu. Daktari Amadeu alikuwa akisema ni fangasi ya udongoni. Mtu huivuta puani ujanani akilima, ikakaa kifuani miaka na miaka."

Thamires hakukasirika. Alitazama tena, kwa muda mrefu, midomo yake ikicheza nyuma ya barakoa kama mtu anayekumbuka ukurasa. "Ndiyo," alisema taratibu. "Ndiyo, Bi Dalvina. Inaweza kuwa hiyo."

"Mnanijadili kama ng'ombe wa mnadani," alisema Ormindo.

"Umekuwa na vidonda hivi tangu lini, mzee?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukusema?" Dalvina aliuliza.

"Ningesema, ungenileta hapa."

Mwaka uliotangulia walikuwa wamempa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, kwa sababu picha ya mapafu ilionyesha wingu, ingawa makohozi yake hayakuonekana na kijidudu chochote. Alizimeza zote, na kikohozi hakikutoka. Sasa Dalvina alikumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akila: ugali ulioloweshwa kwenye mchuzi wa maharage, vipande vya jibini alivyoviacha vilainike kwenye kahawa, uso ukielekea dirishani. Alidhani ni uzee. Kutwa nzima alitazama vinywa vya watu baki, na mezani kwake hakutazama.

Thamires alikata kipande kidogo ukingoni mwa ufizi, kikubwa kama punje ya mchele, akakitumbukiza kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia nyama. Dalvina aliandika jina kwenye karatasi, akaibandika, akafunga kifuniko. Ijumaa gari la kituo liliipeleka chupa mjini.

Daktari mkuu alikuwa akija kila Alhamisi. Alisikiliza, akapima kifua cha Ormindo, akakuna kidevu. "Ninawaamini," alisema. "Lakini dawa hii inatoka hospitali ya mkoa, na hawaitoi bila karatasi ya maabara. Nikiandika leo, itarudi kesho."

Hakuwa mtu mbaya. Dalvina alimchukia kwa muda wa kama dakika mbili, kisha akaenda kuosha vyombo.

Wiki sita zilipita. Kila Jumanne Thamires alipiga simu maabara, na kila Jumanne Dalvina alisimama karibu na sinki akijifanya anahesabu pamba. Mwisho wa Novemba Thamires alikata simu akamgeukia.

"Kipande kilifika kimekauka. Dawa yote ilivuja njiani. Wanasema kifuniko hakikukazwa."

Dalvina alitazama mikono yake. Ilikuwa imefunga maelfu ya vifuniko. Alijaribu kukumbuka kile kimoja, alivyokizungusha na alivyoishika ile chupa, lakini hakukumbuka kitu.

"Ni mimi niliyefunga," alisema.

"Au barabara," alisema Thamires. "Ile barabara inalegeza hata meno."

Jioni hiyo, wakimenya mihogo kwenye ngazi za jikoni, Dalvina alimwambia kaka yake. Ormindo aliendelea kumenya.

"Basi nina mdomo mpana," alisema. "Wakate pengine."

Wakakata pengine. Safari hii Dalvina alikaza kifuniko mpaka vidole vikauma, akakizungushia utepe mara tatu, akaifunga chupa ndani ya mifuko miwili. Akawa hana tena la kufanya isipokuwa kungoja, na Krismasi ikafika kabla ya majibu.

Katika vilima vile, kuanzia Krismasi hadi tarehe sita Januari, kundi la waimbaji wa Wafalme Watatu, wale mamajusi waliomzuru mtoto Yesu, hupita nyumba kwa nyumba na ngoma, magitaa na bendera ya riboni. Ormindo alikuwa kiongozi wao tangu akiwa na miaka thelathini. Yeye ndiye aliyetunga beti papo hapo mlangoni, akimtaja mwenye nyumba, marehemu wake na mavuno yake, na wengine wakaitikia. Watu walilia wakisikia mama zao wakitajwa kwa sauti ile.

Mwaka ule, mlango wa kwanza, alifungua kinywa ikatoka sauti kama ya mlango wenyewe. Akakohoa, akajaribu tena. Nyumba ya tatu akamkabidhi uongozi binamu yao Zenildo, akachukua bendera.

"Pombe imemkausha," mtu mmoja alisema nyuma ya Dalvina, akicheka. "Imba sasa, Ormindo, au umemeza chura?"

"Nimemmeza mkeo," alijibu Ormindo kwa ule mkwaruzo, na watu wakacheka zaidi, naye akacheka pamoja nao akiwa ameziba mdomo kwa riboni za bendera. Siku kumi na mbili alitembea mbele ya kundi, midomo yake ikicheza kwenye kila ubeti, bila kutoa sauti.

Majibu yalifika katikati ya Januari. Thamires aliyasoma kwa sauti: seli kubwa ya fangasi iliyozungukwa na vichipukizi, kama usukani wa meli. Dalvina, ambaye hakuwahi kuona bahari wala meli, aliomba achorewe. Thamires akachora duara nyuma ya karatasi, na viduara vidogo pande zote. Lilionekana kama ua.

Dawa zikaanza, vidonge viwili kila siku baada ya chakula, kwa mwaka mmoja au zaidi.

Nazo zilifanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kueleza baadaye, watu walipouliza. Kufikia Pasaka vitone vilikuwa vimetoweka. Kufikia Juni ufizi ulikuwa laini, wa waridi, kama wa mtoto, na Thamires aliupiga picha akasema angependa kuwaonyesha wanafunzi. Ormindo aliongezeka kilo nne. Alirudi shambani kukata majani kati ya mistari ya mibuni, nusu siku tu.

Kisha mdomo wake ukaanza kupungua.

Mwanzoni ilikuwa kijiko cha supu kugonga meno, halafu wakahamia kijiko cha chai. Ngozi ya pembe za midomo ilijikunja ndani kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi mfupi. Usiku pumzi yake ilipiga mluzi. Dalvina alileta kutoka kituoni vile vijiti bapa vya mbao vya kukandamizia ulimi, na kila asubuhi kabla ya kazi alivipanga kimoja juu ya kingine kati ya meno ya kaka yake, ili kuutanua mdomo. Walianza na kumi na vitatu. Baada ya wiki mbili za kujitahidi vikaingia kumi na vinne. Wiki iliyofuata kumi na viwili, na mwezi wa Julai tisa.

"Sukuma," Ormindo alisema kupitia vijiti.

"Utaumia."

"Sukuma, Dalvina."

Akasukuma, damu ikatoka kwenye pembe ya mdomo, na cha kumi hakikuingia.

Mtaalamu wa hospitali ya mkoa alikuwa mwanamke mwenye mvi na sauti ya upole. Alitia kamba yenye taa kooni mwa Ormindo kupitia puani, akatazama, akaitoa.

"Dawa imeshinda," alisema. "Hii siyo fangasi tena. Ni kovu. Alikuwa na vidonda hadi kooni, na kidonda kikipona hujivuta. Kadiri anavyopona ndivyo njia inavyoziba."

"Kovu lina dawa?"

"Tutafungua tundu shingoni, apumue kwa bomba. Mapafu nayo yana makovu, hayo hatuyagusi."

Dalvina aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu Novemba. "Kama angeanza dawa mapema, miezi ile mitatu?"

Mtaalamu aliiweka kamba yake mezani. "Huenda ingesaidia kidogo. Huenda ilishachelewa kabla hajaja kwenu. Sijui, dada. Ningekuwa najua ningekuambia."

Dalvina alishukuru. Alikuwa amejiandaa kwa ndiyo, na amejiandaa kwa hapana.

Agosti wakamtoboa shingo. Alirudi nyumbani na bomba fupi la plastiki na kitambaa cha kulifunika. Akitaka kusema neno ilibidi azibe tundu kwa kidole, na neno lilitoka dogo, limebanwa, kisha pumzi inamwishia. Kwa hiyo alichagua maneno. Alisema "maji". Alisema "funga kuku". Siku moja alisema "Zenildo anakosea ubeti wa pili," na ikamchukua karibu dakika nzima.

Mwishoni mwa Septemba walitoka kliniki mjini kwa gari la kituo, wao wawili na dereva Gilmar. Mvua moja ilikuwa imenyesha siku kumi kabla, na mibuni yote ilikuwa imechanua kwa pamoja, kilima baada ya kilima cheupe. Kwenye mteremko mmoja trekta lilikuwa likilima shamba jipya, na vumbi jekundu lilielea juu ya maua bila kutua.

Ormindo aligonga kioo cha dirisha kwa kidole.

"Hapana, kaka," alisema Dalvina. "Vumbi."

Akagonga tena. Gilmar aliwatazama kwenye kioo chake, akapunguza mwendo.

Dalvina alikaa kidogo mikono ikiwa mapajani. Kisha akanyoosha mkono mbele ya kaka yake, akateremsha dirisha hadi mwisho. Harufu ya maua ikajaa garini. Ormindo alielekeza uso nje, akafungua mdomo kadiri ulivyoweza kufunguka. Hewa ilikuwa ikipita shingoni, haikufika puani. Aliendelea kuuelekeza uso huko, macho amefumba, kidole kikitafuta shingo polepole, kama mtu anayetaka kusema neno na bado hajalichagua.