Alama za Kufuta

Saa tatu asubuhi, katika shule moja ya msingi karibu na Sangailu, Mwalimu Kaltun aliwasha kompyuta kumi na mbili akawaambia watoto wa gredi ya sita waandike hadithi. Fomu ya wafadhili wa masomo haikutazama hadithi peke yake. Ilitaka pia kujua mtoto amefuta na kuandika upya mara ngapi, na kompyuta ilihesabu yenyewe, kila kufuta alama moja. Atakayeongoza angepelekwa shule ya bweni Garissa, asomeshwe bure hadi amalize sekondari. Kaltun alimwombea mwanafunzi wake Idman nafasi hiyo, ingawa mwalimu hapaswi kuwa na kipenzi.

Daud aliandika lori la baba yake, nalo likaegeshwa uani. Akalifuta, likaondoka. Akaliandika jekundu, likarudi jekundu. Alifanya hivyo mara nne, na Kaltun akamwomba tu asizibe mlango wa choo.

Idman aliwaandika mbuzi wa kwao waliokufa kwa ukame, kwa ukoo wao, kama afanyavyo mfugaji yeyote mwenye adabu: Adey alimzaa Dahabo, Dahabo alimzaa Biliq. Kila jina lilipokamilika, mbuzi mmoja alijitokeza chini ya dirisha, amenona, akaanza kutafuna miti ya ua wa shule. Kufikia saa nne walikuwa thelathini na mmoja, na Idman hakuwa amegusa kitufe cha kufutia.

Kaltun aliinama akamnong'oneza afute hata wawili, kisha awaandike tena. Mbona lori la Daud halikudhurika?

"Mwalimu, hawa walikufa mara moja tayari," Idman alisema. "Mimi siwezi."

Kaltun angeweza kubonyeza mwenyewe. Alinyoosha kidole, akamwona Biliq dirishani akimtazama, na roho haikumpa. Alituma matokeo, Idman akiwa na sifuri ya kufuta.

Adhuhuri alikuja Mzee Olow, baba yake Idman. Aliwaita mbuzi kwa majina, wakamjia. Kisha akauliza habari za Garissa, akaambiwa nafasi ni ya Daud.

"Na huyu wangu amefeli nini?"

"Kufuta, mzee."

"Basi hiyo usimfundishe," Olow akasema, akaomba maji ya mifugo. Kaltun akamchotea ndoo mbili.

Januari Daud alipanda basi la Garissa. Idman hakurudi shuleni, kwa kuwa mbuzi thelathini na mmoja wanahitaji mchungaji.