Sauti ya Pili

Kwetu lipo neno moja lililokuwa likichapa kuliko fimbo: aliambiwa. Mtoto akijikata kidole, aliambiwa. Mtu akichelewa basi, aliambiwa. Neno hilo lilianzia kwa baba. Miaka kumi na tisa iliyopita alipanda juu ya nyumba aliyokuwa akiijenga, akaegemea vyuma vya roshani, vyuma vikaachia, naye akaanguka hadi kwenye kokoto chini. Fundi aliyevichomelea vile vyuma alikuwa mdogo wake mwenyewe. Msibani, mbele ya watu wote, baba mdogo alisimama akasema kwamba alimwonya kaka yake asiviegemee, kazi ilikuwa haijaisha. "Nilimwambia," alisema huku machozi yakimtoka. Mama hakutoa hata chozi. Alikasirika, na hasira ile hajaishusha mpaka leo. Mtu mzima na akili zake anaachaje mke na watoto wanne kwa ubishi?

Mimi ni kitinda mimba, na kazi yangu ni studio ya picha. Kutwa nabadilisha mikanda na faili za watu ziwe za kisasa. Kwa hiyo mama alipohamia kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, na kaka yangu akamnunulia kale kasanduku ka mtandao kanakochomekwa nyuma ya televisheni, kila mtu alinitazama mimi. Kasanduku hakakuzitaka video zetu za zamani. Ukifungua moja, kanakuandikia tu kwamba faili hili haliwezi kuchezwa. Jumamosi asubuhi nikabeba kompyuta yangu, nikakaa kwenye meza ya chakula katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa, nikaanza kazi.

Baba mdogo alikuwa ameshafika. Vyuma vya roshani ya mama vilikuwa vimeliwa na kutu, naye akasema hakuna fundi mwingine atakayevigusa, yeye yupo. Mtaani wanamwita Cheche. Ni mcheshi, mwepesi wa kuahidi, na tangu baba afariki ndiye aliyekuwa akituletea madaftari shule zikifunguliwa. Sikuwahi kuwa na sababu ya kutompenda.

"Unaweka zipi humo, mwanangu?" aliniuliza akiwa anaburuta mashine yake kuelekea roshani.

"Zote, bamdogo. Harusi ya dada, ubatizo, ile ya nyumba."

"Ile ya nyumba achana nayo. Haina hata sauti, muziki mtupu. Utamliza mama yako bure."

"Mama mwenyewe ndiye anayeitaka."

Akacheka, akaingia roshani. Nikasikia mashine ikinguruma, cheche zikatoa mwanga mweupe kwenye pazia, kisha kimya. Nikadhani anapumzika. Muda mfupi baadaye nikasikia harufu ya rangi.

Ile ya nyumba ndiyo video ya mwisho ya baba. Aliipiga baba mdogo mwenyewe, enzi anajidai na kamera yake mpya, siku mbili kabla ya ile ajali. Baba anatembea ndani ya nyumba isiyo na madirisha, anaonyesha vyumba, anacheka. Baada ya mazishi baba mdogo aliichukua, akaiwekea muziki wa kinanda toka mwanzo hadi mwisho. Alisema ametuonea huruma, sauti ya marehemu inachoma. Miaka yote hiyo mama ameitazama akijaribu kusoma midomo. "Hapo anasema nini?" hutuuliza, na hakuna anayejua.

Nikaibadilisha. Ikachukua kama nusu saa, mimi nikitazama asilimia zikipanda kwa mwendo wa kinyonga. Nikaihamishia kwenye kasanduku, nikabonyeza. Picha safi kabisa, sauti hakuna. Nikaongeza sauti ya televisheni. Hakuna. Nikaipandisha mpaka mwisho wake. Hata mkwaruzo hakuna. Mimi si mtu wa subira, na vifaa vinavyonigomea huviita majina ambayo mama hapendi kuyasikia.

"Imekataa?" baba mdogo aliniuliza kutoka mlangoni, brashi ya rangi mkononi.

"Picha ipo. Sauti ndiyo haitoki."

"Si nilikwambia. Funga hiyo, weka ya harusi tucheke." Alibaki amesimama pale, akiitazama televisheni na si mimi.

Nilirudi kwenye kompyuta kuchungulia ndani ya lile faili. Nikakuta kitu ambacho ningepaswa kukiangalia tangu mwanzo. Lilikuwa na sauti mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya muundo wa zamani ambao kasanduku hakaelewi, nami nilikuwa nimebadilisha picha tu. Hiyo ndiyo ilikuwa kinanda. Chini yake kulikuwa na sauti ya pili. Nimekutana na mambo haya studio mara nyingi. Mtu anapandikiza muziki, anasikiliza, anaona maneno yametoweka, anaamini ameyafuta. Kumbe programu imeyahifadhi pembeni tu, na vifaa vyote vya nyumbani hucheza ile ya kwanza.

Nilifikiria jambo moja tu, kwamba mama ataisikia sauti ya mumewe. Sikumwambia mtu. Nikachagua sauti ya pili, nikaanza upya, safari hii asilimia zikapanda nikizihesabu moja moja.

"Shemeji, njoo uone," baba mdogo aliita. "Kazi imekwisha."

Mama alitoka chumbani akijifuta mikono kwa kanga. Mama yangu hapendi vyuma vya roshani, viwe vimechomelewa na nani, kwake ni mamoja. Alisimama kizingitini.

"Umemaliza kweli? Mbona mapema hivi?"

"Chuma kile kile, shemeji, ni kuunganisha tu. Imeshika. Egemea tu."

Nilikuwa nimewapa mgongo. Faili limekwisha, nimelihamisha, nimebonyeza. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ya televisheni niliiacha juu kabisa.

Upepo ulivuma ndani ya sebule. Nyayo zikakwaruza mchanga. Halafu baba akasema, kwa sauti nene kuliko nilivyoikumbuka, "Hiki ni chumba cha mama yenu. Asubuhi jua linamwamsha, maana bila jua haamki."

Niligeuka. Mama alikuwa roshani, mkono mmoja juu ya chuma kilichopakwa rangi nyeusi, uzito wake ukianza kwenda mbele. Aliuondoa ule mkono. Akaingia hatua moja, macho kwenye televisheni, mdomo wazi.

Baba akapanda ngazi. Kamera ikamfuata mpaka roshani ya nyumba ile. Akavigusa vyuma kwa kidole.

"Hii imeshika?" aliuliza.

Sauti iliyojibu ilikuwa karibu mno na kamera, changa kuliko ya sasa, lakini ile ile.

"Imeshika, kaka. Egemea tu."

"Nitaegemea nikishahamia," baba alisema, akacheka, na video ikakatika hapo.

Televisheni ikabaki na orodha ya faili. Niliogopa, na sikuogopa yaliyopita. Niliogopa ule mwanga mweupe uliowaka kidogo tu asubuhi ile na harufu ya rangi iliyoufuata haraka.

Mama alimgeukia baba mdogo, aliyekuwa bado roshani.

"Si ulisema ulimwambia asiegemee?"

"Shemeji, siku ile vijiti vya kuchomelea viliniishia. Nilikuwa nimeshikiza tu, nukta mbili tatu, nikasema kesho nitamalizia. Nikapaka rangi isionekane vibaya. Kesho yake nikapata kazi nyingine." Alilamba midomo. "Sikujua atapanda."

"Na hii ya leo?"

"Hii imeshika."

"Basi egemea wewe."

Alivitazama vile vyuma. Rangi ilikuwa bado mbichi, inang'aa. Chini, mbali, watoto walikuwa wakicheza mpira na sauti zao zilitufikia zote. Baba mdogo aliinua mkono, akaufikisha karibu na chuma, akaurudisha. Akajifuta kiganja kwenye suruali ingawa hakikuwa na kitu. Hakuegemea.

Mama alimpa mgongo. Kisha akaja, akaketi kwenye kiti kilicho mbele ya televisheni, akaikunja kanga yake mapajani.

"Rudisha mwanzo," aliniambia. "Pale kwenye jua."

Nikarudisha. Baba akatokea tena mlangoni mwa nyumba isiyo na madirisha, na mama akainamisha kichwa kumsikiliza, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Hakuambiwa," alisema.