Mbele ya Baba Mkwe

Otilia alikuja kwa hiari yake. Jambo hilo lilisahaulika baadaye, kwa hiyo nalitaja mapema. Tangu ajifungue, usingizi ulikuwa umemkimbia, na kila alipomwogesha mtoto aliona kama mikono yake mwenyewe itamzamisha. Mumewe, Joakim, alikuwa ameteremka Mbamba Bay kununua usipa, dagaa wa ziwani, wa kuja kuuza milimani. Otilia akamwambia mama mkwe wake, Walburga, naye Walburga akamwambia mumewe, Mzee Bernadi. Wote watatu wakashuka kituo cha afya na mtoto. Otilia aliogopa kitu kimoja tu: wasije wakamwita kichaa, wakamtenga na mwanawe.

Ndio mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupandisha magari yao hadi vijijini. Serikali nayo ilitaka wagonjwa wa akili wahudumiwe palepale wanapotibiwa malaria. Dorah, afisa ustawi wa jamii aliyezoea mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto, akapelekwa semina Songea. Huko walijifunza kwa kuigiza: huyu mgonjwa, huyu ndugu, huyu afisa. Walisisitiziwa kwamba ndugu awepo ndani, maana mgonjwa huficha.

"Shikamoo, baba," Dorah alimwamkia Bernadi siku hiyo kituoni.

"Marahaba, mwanangu. Tumemleta mkwe wetu."

"Karibuni. Baba, ingia ukae naye."

Bernadi alisita mlangoni. "Mama mkwe wake yupo hapo nje. Aingie yeye."

"Mkuu wa kaya ni wewe, baba. Ingia tu."

Akaingia. Aliketi ukingoni mwa benchi na kuelekeza uso dirishani. Otilia akajifunika kitenge mpaka machoni, akageukia ukuta, mtoto kifuani.

"Dada, unalala vizuri?"

Otilia akaupapasa mgongo wa mtoto.

"Mtoto ananyonya? Matiti hayaumi?"

Bernadi akakohoa. Otilia akavuta kitenge zaidi. Kwao mwanamke hatamki habari za mwili wake mbele ya baba wa mumewe, wala hamtazami. Dorah alikulia kota za reli Morogoro na hakulijua hilo. Kule semina aliyeigiza ndugu alikuwa mhasibu, na alikuwa mwongeaji kweli.

"Baba, nyumbani huwa anaongea?"

Bernadi alifikiri, akajibu ukweli wake. "Mimi hajapata kunisemesha."

"Tangu lini?"

"Tangu aolewe."

Dorah aliingiwa na huruma. Akaenda chumba cha pili kwa Rodrick, mganga wa kituo, akamweleza: hasemi, hamtazami mtu, na ni ugonjwa wa miaka.

"Mtaalamu wa akili sasa ni wewe," Rodrick akacheka. "Mimi niachie minyoo. Gari la kahawa linaondoka sasa hivi kwenda Songea, apande hilo hadi hospitali ya mkoa. Nitamchoma ya kumtuliza. Mtoto abaki na bibi yake."

Dorah alirudi, akamtoa Bernadi ajiandae, kisha akamweleza Otilia kwamba anapelekwa Songea. Otilia akafunua uso.

"Dada, umeolewa?"

"Bado."

"Ndiyo maana! Unaniuliza matiti mbele ya baba mkwe, nikujibu nini? Kamwulize mama kama sisemi. Jikoni wananiita redio."

Akaeleza yote bila kusita: usingizi, beseni, mikono. Dorah alisikiliza hadi mwisho, kisha akakimbilia kwa Rodrick na kumkuta ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Anaongea! Nimekosea mimi, nilimweka na mkwe wake."

"Ameanza kuongea lini? Baada ya kusikia safari?"

"Ndiyo, lakini..."

"Si wewe uliyetusomea maandishi ya semina Jumatatu? Kwamba mgonjwa akijua anapelekwa, hujifanya mzima?"

Dorah alikuwa amewasomea, tena kwa sauti.

"Na amesemaje kuhusu mtoto?"

Hakuweza kudanganya. "Anaogopa atamzamisha. Ndiyo maana ameomba kuletwa."

"Basi akirudi naye nyumbani, mtoto akafia kwenye beseni, atakayejibu ni mimi au wewe?"

Swali halikuwa baya. Dorah alikuwa bado akilitafutia jibu katika yote aliyofundishwa Rodrick alipotoka na sindano.

Otilia alipoiona sindano alimkumbatia mtoto. "Dada, mwambie! Wewe umenisikia."

"Nimemwambia," Dorah akasema.

Walimpandisha gari amelegea, wakamlaza juu ya magunia. Walburga alimfunga mtoto mgongoni na kumtazama Dorah. Bernadi akamsogelea Dorah.

"Mwanangu, kumbe ningebaki nje?"

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani hospitalini mna desturi yenu."

Gari lilipowashwa, mtoto akalia. Juu ya magunia maziwa yalikuwa yakilowesha gauni la Otilia, naye hakugeuka.