Mabati kumi na mawili ya Mukamugema

Siku ile upepo ulishuka kutoka volkano ya Nyiragongo na hasira ya mutu aliyeibiwa. Ulianza kwa jirani Damascène: ukachomoa kaptula zake tatu kwenye kamba, ukauvalisha mparachichi, na wanasema kaptula moja iliukaa mti vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe. Kisha ukaja kwenye nyumba ya mbao ya Hilaire, mutengenezaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ukatia vidole chini ya mabati na kuanza kuyapima uzito. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini ndani kulikuwa giza la kutafuta kijiko kwa kupapasa.

"Hilaire," mke wake Emerance alisema, "nyumba inapumua."

Kweli ilikuwa inapumua. Mabati yalipanda kiganja kimoja, yakashuka. Yakapanda kiganja na nusu. Hilaire alitazama juu. Kama yangekuwa mabati yake, angelia kidogo na kununua mengine siku Mungu akipenda. Lakini yalikuwa ya mama mukwe, na yalikuwa yameshikwa na misumari minne tu, mumoja kwa kila kona ya nyumba. Mengine yote aliachiwa Mungu na mawe ya volkano yaliyopangwa juu.

Vita vilipofika Kalengera, kijiji cha mama mukwe huyo, kuna waliokimbia na godoro, kuna waliokimbia na mbuzi. Mama mukwe mwenyewe, Mukamugema, alipanda juu ya nyumba yake, risasi zikilia ng'ambo ya kilima, akang'oa mabati kumi na mawili, moja moja, kama mutu anayemenya ndizi. "Ukuta wa udongo nitaukuta," aliwaambia waliomupigia kelele ashuke. "Udongo haukimbii. Lakini bati lina miguu." Akayalalia wiki tatu kule Kanyaruchinya, ndani ya kambi, kama kuku anayelalia mayai, mpaka Hilaire akaenda kumuchukua. Nyumba ya Hilaire wakati huo ilikuwa na bashi tu juu, turubai la plastiki, kwa hiyo mabati yakapanda. Yangeshuka siku barabara ya Rutshuru, ile ya kurudi Kalengera, itakapofunguka. Na sharti lilikuwa moja. Emerance ndiye aliyelileta:

"Mama hataki misumari." Minne ya kona Hilaire aliipigilia kwa kuiba, katika matundu yaliyokuwako tayari.

Emerance ndiye aliyelileta kwa sababu ndiye aliyeleta kila kitu. Hilaire ni Munande wa Butembo. Siku ya ndoa, rafiki yake Constant alimunong'oneza kwamba kwa watu wa Rutshuru, mukwe haongei na mama mukwe uso kwa uso. Hilaire akaishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Siku mama alipohamia, Hilaire alitundika bashi ya zamani katikati ya nyumba: mama mukwe upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, na Emerance kwenye ukingo, akipokea huku na kupeleka kule. Mama aliomba chumvi kwa Emerance. Hilaire alisalimia kwa Emerance. Miaka miwili hivyo.

Radi ikapiga, meza ikaruka.

"Hiyo ni radi ao ni bombe?" sauti ya mama mukwe iliuliza nyuma ya bashi.

"Emerance, mwambie mama ni radi," Hilaire alisema. "Bombe haiwashi taa kwanza."

"Emerance, mwambie anayesema hivyo kwamba paa inaenda."

"Mwambie mama nimeona."

"Mwambie kuona hakufungi paa."

Emerance alikaa juu ya kitanda, akakunja mikono. "Mi nimechoka. Leo radio imekufa, betri zimeisha. Ongeeni wenyewe."

Upepo tu ndio ulioendelea kusema, nao haukuwa na heshima ya mutu yeyote. Chini ya kitanda kulikuwa kuku wa nyumba, amejikunja. Hilaire alimwinamia.

"Kuku," alisema, "mwambie mama ashike kamba ile ya dirishani inayovuta paa, aning'inie kabisa."

"Kuku," mama mukwe akajibu, "mwambie huyo papa nimening'inia tangu zamani. Yeye mwenyewe iko wapi?"

Kuku hakufikisha kitu. Upepo ukaingia kwa mlango, ukashika bashi ya katikati, ukaivuta kwa nguvu moja na kuondoka nayo. Hilaire na mama mukwe wakaonana. Mukamugema akafunika uso na kitenge, mkono mumoja ukiwa bado kwenye kamba. Hilaire akageukia ukuta haraka mpaka akajigonga paji la uso kwenye ubao.

Juu, jiwe moja likabingirika. La pili likafuata. Hilaire aliwaza mwanamke anayerudi Kalengera kwenye kuta nne zisizo na kitu juu, kwa sababu mukwe wake alikuwa na adabu nyingi.

"Mama," aliuambia ukuta, "unisamehe. Najua desturi yenu inakataza."

"Desturi yetu gani?"

"Ya mukwe kutoongea na mama mukwe."

Kitenge kilishuka. "Kwetu? Hiyo si ni yenu, Wanande! Béata wa chorale ya kanisa aliniapia kwamba Munande akisikia sauti ya mama mukwe, biashara yake inakauka! Miaka miwili ninameza maneno nisikuue na njaa!"

"Kwetu?" Hilaire aligeuka mzima mzima. "Kaka yangu na mama mukwe wake wanagombana Butembo kila Jumapili, wanawasikia mpaka Beni!"

Wakatazamana. Bati la kona likapiga makofi.

"Na misumari, mama? Kwa nini ulinikataza misumari?"

"Nani alikataza? Nilisema sitaki matundu mapya! Yana matundu yake ya Kalengera, marehemu aliyatoboa kwa mkono wake. Nilisema upitishe waya mule mule, ufunge kwenye mbao. Nilieleza kuanzia saa nane mpaka saa tisa!"

Wote wawili wakamugeukia Emerance. Emerance alikuwa anachunguza kucha zake.

"Ilikuwa ndefu," alisema. "Nikafupisha."

Hapakuwa na nafasi ya kumugombeza. Hilaire alinyakua bunda la waya wa kufungia mizigo ya chukudu, akapanda ngazi. Mvua ya mawe ilimupokea, kila jiwe kama yai la bata, na moja, kama mutaamini, kama bata mwenyewe. Akalala juu ya mabati tumbo chini. Ndani, Mukamugema alisimama juu ya meza, Emerance ameishika miguu ya meza. Hilaire alisukuma waya katika tundu moja, mama akaupokea, akauzungusha kwenye ubao, akaurudisha juu kwa tundu la pili.

"Vuta!"

"Nimevuta!"

"Hiyo umevuta ama umeibembeleza? Ingine, kushoto!"

"Kushoto ya nani?"

"Yangu!"

"Mama, weye unatazama juu, mi natazama chini!"

"Basi geuka na weye!"

Bati la kwanza likatulia. La tano. La tisa. Walifika kwa la kumi na mbili, lile la kona. Hilaire alikuwa amekwisha kulifunga waya kwa upande mumoja wakati upepo ulipokumbuka kilichouleta. Msumari ukalia, bati likasimama wima kama mutu anayetaka kuomba neno kwenye mkutano, kisha likaruka. Alilitazama likipita juu ya kaptula za Damascène, juu ya mitaa, likiwaka kwa kila radi, likielekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Aliposhuka, maji yakimutiririka, mama mukwe alikuwa bado juu ya meza, anatazama pale kwenye kona, ambapo mbingu sasa ilikuwa inaingia bila kubisha. Hilaire alijua namna mama alivyoyalalia mabati yale kambini. Aliweka mikono nyuma.

"Mama, moja limeenda."

"Limeenda wapi?"

"Limevuka mpaka."

Mukamugema alifikiri. "Bila jeton, bila karatasi ya kuvukia?"

Akaanza kucheka. Hilaire hakuwa amewahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kicheko kinene, cha mutu wa mara mbili ya ukubwa wake, na kilitikisa meza mpaka Emerance akaomba huruma. Kisha kikakatika, na mama akajifuta macho na ncha ya kitenge, akijifuta muda murefu kuliko kicheko kilivyohitaji.

"Kumi na moja," alisema.

"Barabara ikifunguka, nitakata waya asubuhi moja," Hilaire alisema. "Hakuna tundu jipya hata moja. Nitayapakia kwenye chukudu, nitasukuma mimi mwenyewe mpaka Kalengera, na nitapanda juu kuyafunga."

"Na hapa? Mutoto wangu utamufunika na nini?"

"Na bashi."

"Bashi imeenda na upepo, mukwe." Alishuka kwenye meza, akamuegemea begani bila kuomba ruhusa ya mutu. "Na kabla ya kufikiria Kalengera, ujifunze kukaza waya. Lile bati la pili umelifunga kama mutu aliyeiba mbuzi na anasikia mbwa. Lete ngazi. Ni miaka miwili natazama kazi yako na sina pa kusemea."