Mfiwa Aliyekwenda Kununua Vocha

Ruphin aliwaaga watu kwamba anakwenda kununua vocha, akapita robot ya pili, zile taa za barabarani, akaingia kwa Wajamaika. Mkahawa wenyewe meza nne na feni isiyozunguka. Akaagiza mbuzi.

Siku hiyo walikuwa wanaondoa matanga ya mkewe, Godelieve, kwenye ua wa nyumba ya Bellevue walikopanga chumba. Kwa Warundi wa pale, chakula cha siku hiyo hakiguswi mpaka mfiwa asimame aseme neno. Na Ruphin aliambiwa asisimame mpaka afike Didier, mwenyekiti wa chama chao, kutoka Midrand. Walisema saa sita. Ikagonga saa nane, mwenyekiti hayupo.

Wakubwa ndivyo walivyo, alijisemea huku akinyonya mfupa. Godelieve alikaa foleni ya kliniki tangu alfajiri mpaka wakafunga dirisha. Sasa hata matanga yake yangoje gari la mtu?

Mbuzi alikuwa mtamu, na utamu wenyewe ukamuudhi. Wali ulipikwa na maharage ndani ya tui la nazi, na pilipili ilimtoa kamasi. Akaongeza ndizi za kukaanga.

Mhudumu, msichana wa Kikongo aitwaye Murielle, aliyeanza kazi wiki ile, alikuwa akifunga sufuria kubwa kwa kitambaa.

"Papa, ukule mbiombio. Tunafunga."

"Saa hizi? Kwani na nyinyi mna mwenyekiti?"

"Bosi, Mama Fiona, anataka hii chakula kwa matanga. Kuna mama Mrundi alikuwa anamusuka nywele, ndiye alikufa. Bosi ametangulia kule, amenipigia sasa hivi. Anasema watu hawajakula."

"Watakulaje? Wanamngoja mkubwa. Wakubwa hawana haya."

"Mwenyekiti amefika kitambo, papa. Gari iliharibikia njiani, akapanda teksi. Wanangoja bwana ya marehemu. Alienda kununua vocha. Watoto wanalia njaa, lakini wamama wanasema aachwe, pengine amejificha mahali analia."

Ruphin akaacha kutafuna. Akatafuta wa kumlaumu. Kliniki, serikali, chama, wote walikuwa mbali, na mfupa ulikuwa mkononi mwake.

Alinawa mara tatu. Manjano ya mchuzi hayakutoka kwenye kucha.

"Kama hauna haraka, papa, unisaidie kubeba."

Akashika sikio moja la sufuria, Murielle akashika la pili. Walipoingia uani watu wakasimama. Clémence, dada wa marehemu, akaja mbio.

"Pole, shemeji. Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Sema neno moja tu, ukae."

Didier mwenyewe akampisha. Ruphin akawatazama watoto, sahani tupu magotini.

"Neno langu ni fupi," alisema. "Mimi nimeshakula. Sikuwa nalia mahali. Godelieve angewapa nyinyi kwanza."

Clémence akafunua sufuria, harufu ileile ikajaa ua. Akapakua akianzia kwa watoto, akaenda mtu kwa mtu. Alipomfikia Ruphin, akampita.